Maniema: Kwenye mchanga wa Lualaba, picha ya simu inaweza kumtambulisha ndege aliyetoka Aktiki

Komini ya Kasuku, mjini Kindu, ina jina la ndege ambaye wakaaji wa Maniema wanamjua bila kufundishwa. Manyoya ya kijivu, mkia mwekundu, sauti inayoiga watu: kasuku hahitaji kitabu ili atambulike.

Wageni wengine wa mto Lualaba hawana bahati hiyo. Mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na mchanga umejitokeza, ndege wadogo wenye rangi ya udongo hukimbia kwenye ukingo wa maji, husimama, hudonoa, kisha hukimbia tena. Mtu anayengoja mtumbwi wa kuvuka kwenda Alunguli anaweza kuwatazama nusu saa nzima na kuondoka akiwaita tu tundege twa mchanga.

Wengi wa jamaa hii wanatoka mbali sana. Mmoja wa wadogo kabisa, anayeitwa kwa Kifaransa bécasseau minute, ana urefu wa sentimita 12 hadi 14 na uzito unaokaribia ule wa pile moja ndogo ya AA. Anataga mayai yake katika nchi za baridi kali za Aktiki, kutoka kaskazini mwa Norway hadi Siberia, kisha anakimbilia kusini baridi inapoanza, na wengi wao hukaa Afrika hadi mwaka unaofuata. Kwenye ramani, Kindu na Nordkapp, rasi ya kaskazini mwa Norway, ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Anayetoka Kasuku akaelekea kaskazini bila kukunja kona angepita juu ya misitu, Sahara, bahari ya Mediterania na Ulaya yote. Ni zaidi ya kilomita 8.000.

Siku hizi simu yenye kamera inaweza kuonyesha kwamba ndege wa aina hiyo amefika hapa. Lakini kati ya kupiga picha na kusema jina la ndege kuna kazi. Kazi hiyo ina maana zaidi katika Afrika ya kati, moja ya sehemu za dunia ambako taarifa za ndege ni chache. Mahali ambapo hakuna kumbukumbu nyingi, picha moja nzuri ina uzito mkubwa. Na jina moja lililokosewa lina uzito huo huo.

Kwa nini ni vigumu

Ugumu wa kwanza ni ukubwa. Kwenye skrini ya simu, ndege wa sentimita 13 na ndege wa sentimita 20 wanaweza kuonekana sawa kabisa. Mtu aliyesimama kando ya mto anapima kwa macho, akilinganisha na jiwe, kasia au ndege mwingine aliye karibu. Picha ikikatwa ili ndege aonekane vizuri, vipimo hivyo vyote vinapotea. Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu huhifadhi pia picha ya mbali, hata kama ndege anaonekana kama nukta, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha alikuwa na nani na alisimama wapi.

Ugumu wa pili ni rangi. Jua la asubuhi hupaka kila kitu umanjano, na jua la katikati ya mchana hufuta madoa ya mgongoni. Miguu ya manjano iliyoingia kwenye matope huonekana myeusi. Simu nyingi pia hurekebisha rangi zenyewe bila kumwuliza mwenye simu. Kwa ndege ambao jina lao linategemea rangi ya miguu, hilo linatosha kumpoteza mtu.

Ugumu wa tatu ni majira. Ndege hawa hubadilisha manyoya. Katika aina nyingi, wakubwa ndio wanaofika kwanza, wakiwa bado na mabaki ya rangi za wakati wa kuzaliana, manyoya yamechakaa kwa safari. Watoto waliozaliwa mwaka huo hufuata baadaye, wakiwa na manyoya mapya yenye kingo safi. Miezi michache baadaye, karibu wote wamekuwa wa kijivu au kahawia hafifu. Halafu mwezi wa 4 na wa 5, kabla ya kurudi kaskazini, rangi zinaanza kurudi. Ndege yuleyule akipigwa picha mwezi wa 9, wa 12 na wa 4 anaweza kuonekana kama ndege watatu tofauti. Picha isiyo na tarehe inamwondolea mtazamaji moja ya funguo zake kubwa.

Pa kuanzia

Kwa mtu wa Kindu anayetaka kujifunza, ndege wa kuanza naye ni chevalier guignette, ambaye jina lake la kisayansi ni Actitis hypoleucos. Ana sentimita kama 20. Hapendi mikusanyiko mikubwa, na anaridhika na kipande kidogo cha ukingo: mawe, mizizi ya miti, mchanga, hata mitumbwi iliyofungwa. Mgongo wake ni wa kahawia na tumbo ni jeupe. Alama ya kutafuta kwenye picha ni kabari nyeupe inayopanda kutoka tumboni na kupita mbele ya bawa, kati ya bega na rangi ya kifua. Alama ya pili ni mkia, ambao unapita ncha za mabawa yaliyokunjwa.

Guignette ana pia tabia ambayo picha moja haiwezi kuonyesha. Anatikisa sehemu ya nyuma ya mwili juu na chini, karibu bila kupumzika. Akishtuka, anaruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, akipiga haraka mara chache na kuteleza. Kwa ndege huyu, video ya sekunde kumi inasema zaidi ya picha ishirini.

Jamaa zake wawili huleta mkanganyiko. Chevalier sylvain, Tringa glareola, ana mgongo wenye madoa mengi meupe, miguu yenye umanjano, na mstari mweupe juu ya jicho ambao unaendelea hadi nyuma yake. Chevalier culblanc, Tringa ochropus, ni mweusi zaidi, na mstari wake mweupe unaishia karibu na jicho. Wakiruka, wote wawili huonyesha weupe juu ya mkia, jambo ambalo guignette hana. Tofauti ya wawili hao iko chini ya bawa: kwa culblanc ni karibu nyeusi, kwa sylvain ni kijivu hafifu. Picha ya ndege anayekimbia kutoka mbele ya kamera, ambayo wengi huifuta kwa kuona imeharibika, inaweza kuwa ndiyo inayotoa jibu.

Kundi la pili lina midomo mifupi, macho makubwa na mtindo wa kukimbia hatua chache na kusimama ghafla. Kwa Kifaransa wanaitwa gravelots. Petit gravelot ana duara la manjano kuzunguka jicho, na bawa lake likifunguka halina mstari mweupe. Grand gravelot hana duara hilo, lakini ana mstari mweupe ulio wazi bawani, na mkubwa wake ana miguu ya rangi ya chungwa. Hapa mtego ni kwamba Afrika ina gravelots zake zisizotoka Ulaya wala Siberia. Mmoja wao, Charadrius marginatus mwenye paji jeupe, huishi pia kwenye mchanga wa mito mikubwa ya bara. Kwa hiyo swali la kwanza halipaswi kuwa ndege huyu ametoka nchi gani. Kwanza ijulikane kama ni mgeni au ni mwenyeji.

Wa mwisho ni bécasseau minute mwenyewe, Calidris minuta. Mdomo wake ni mweusi, mwembamba na umenyooka, na miguu yake ni myeusi. Watoto wa mwaka huo huonyesha mistari myeupe mgongoni inayofanana na herufi V. Anayefanana naye ni bécasseau de Temminck, mwenye miguu ya kijani iliyoingia umanjano, mgongo usio na V hiyo, na manyoya meupe pembeni mwa mkia. Tofauti yote inaweza kutegemea miguu miwili iliyozama kwenye matope. Katika hali hiyo, jibu la uaminifu ni kuandika kwamba ni bécasseau, na kuishia hapo.

Unyoya wa Avakubi

Kongo ina hadithi yake mwenyewe kuhusu nguvu ya ushahidi mdogo uliotunzwa vizuri. Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa nchi wakikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Mwaka 1913, huko Avakubi, Ituri, Chapin alipata unyoya uliokuwa umepamba kofia ya mtu. Haukulingana na ndege yeyote aliyemjua. Hakuupa jina la kubahatisha. Aliutunza, akijua umetoka wapi na lini.

Miaka 23 ilipita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, Chapin alikutana na ndege wawili waliokaushwa na kuwekwa pembeni. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa India. Manyoya yao yalikuwa sawa na ule wa Avakubi. Mwaka huohuo dunia ya sayansi ikapokea jina Afropavo congensis, tausi wa Kongo, ndege wa msitu ambaye watu wa msituni walikuwa wakimjua siku zote.

Unyoya mmoja wenye mahali na mwaka ulifungua mlango. Ndege wawili wazima, wenye jina lisilo sahihi, walikaa miaka bila mtu kuwauliza chochote. Picha za simu zina hatari hiyohiyo: zikishapewa jina, wanaokuja nyuma hulisoma jina na kuacha kumtazama ndege.

Picha ya Opala

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kindu kwa umbali na kwa miaka. Mwaka 2007, timu ya watafiti waliokuwa wakichunguza misitu ya mto Lomami ilifika Opala na kumkuta nyani mdogo jike nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Walimpiga picha. Uso wake ulikuwa wa aina ambayo watafiti hao hawakuwahi kuiona, lakini kwa watu wa huko alikuwa na jina tayari: lesula.

Picha hizo zilianzisha kazi. Ilibidi watafiti wamtafute porini, wasikilize sauti yake, walinganishe fuvu na kupima vinasaba. Mwezi wa 9 mwaka 2012, miaka mitano baadaye, lesula alitangazwa rasmi kuwa aina mpya kwa sayansi, Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, inayogawanywa na majimbo ya Tshopo na Maniema.

Hakuna anayetarajia aina mpya ya ndege kwenye mchanga wa Kasuku. Lakini utaratibu ni ule ule: picha huleta swali zuri, wenyeji hutoa jina na maarifa yao, na uhakika huja baada ya kulinganisha.

Programu inapendekeza, mtu anaamua

Leo kulinganisha kumekuwa rahisi. Merlin, programu ya bure ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, hupokea picha na kupendekeza jina, na ikishapakuliwa pamoja na vifurushi vyake inaweza kufanya kazi bila mtandao. Kwa anayehesabu mega zake, hilo si jambo dogo. eBird, iliyozinduliwa mwaka 2002, hukusanya orodha za ndege kutoka dunia nzima, na kumbukumbu zisizo za kawaida hupitiwa na watu wa kujitolea. iNaturalist huweka picha mbele ya watumiaji wengine. Picha hupanda daraja la kufaa kwa utafiti pale ambapo ina tarehe na mahali, na angalau watu wawili, wakiwa zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni, wanakubaliana juu ya jina.

Udhaifu wa mashine uko wazi. Inajifunza kutokana na picha zilizopo, na picha nyingi zinatoka nchi zenye wapiga picha wengi. Pale ambapo orodha za ndege ni chache, kama Maniema, makadirio yake kuhusu ndege gani anategemewa katika mwezi gani yanakosa msingi imara. Inaweza kutoa jina kwa haraka na bado ikakosea. Kwa hiyo pendekezo la simu lichukuliwe kama la rafiki mwenye haraka: lisikilizwe, kisha lithibitishwe kwa alama moja baada ya nyingine.

Kuna kosa lingine ambalo halihusiani na ndege. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na kupoteza maelezo yaliyofichwa ndani yake, yakiwemo saa na mahali ilipopigwa. Ikipita katika makundi matatu, inakuwa yatima. Namna ya kuepuka hilo ni kuituma kama faili, au kuandika maelezo pamoja nayo: tarehe, saa, mahali, ndege walikuwa wangapi na walikuwa wakifanya nini. Daftari la shule na kalamu vinatosha.

Anayepata nafasi apige picha nne: ndege akiwa ubavu, akionyesha mgongo, akitazama kamera, na akiruka. Asiye na lenzi kubwa anaweza kuweka jicho la simu kwenye darubini ya mkononi. Na asifute picha mbaya kabla ya kuziangalia nyumbani.

Hasara ya kuchelewa

Haraka ya kuandika kumbukumbu hizi ina sababu. Mwezi wa 10 mwaka 2024, BirdLife International na shirika la IUCN walitangaza kwamba aina 16 za ndege wanaohama wa ufukweni zimesogezwa kwenye madaraja ya hatari zaidi. Miongoni mwao yumo bécasseau cocorli, jamaa wa minute mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye naye hutoka Siberia na kuja Afrika. Sasa anahesabiwa kuwa hatarini. Ndege hawa wanategemea mnyororo wa vituo, na kituo kimoja kikiharibika, safari yote inatikisika. Lakini hakuna anayeweza kutetea kituo ambacho hakijaandikwa popote.

Dunia imeshalipa gharama ya kuchelewa. Courlis à bec grêle, ndege mkubwa kidogo wa jamaa hiyohiyo, alikuwa akitoka Siberia kwenda pwani za Mediterania na Afrika ya kaskazini. Mara ya mwisho alipoonekana bila ubishi ilikuwa Merja Zerga, Moroko, mwezi wa 2 mwaka 1995. Mwaka 1998, ndege mmoja aliyepigwa picha huko Druridge Bay, Uingereza, alikubaliwa kuwa ni yeye. Miaka 15 baadaye ushahidi ulipitiwa upya, na jina likaondolewa kwenye orodha ya nchi hiyo. Mwezi wa 10 mwaka 2025, IUCN ilitangaza kwamba aina hiyo imetoweka duniani. Wataalamu walikuwa bado wanabishana juu ya picha wakati ndege wenyewe walikuwa wamekwisha.

Tahadhari mjini Kindu

Kupiga picha kando ya mto katika mji wa mashariki mwa Kongo kunahitaji busara. Bandari, uwanja wa ndege, vituo vya askari na majengo ya serikali si mahali pa kuinua kamera bila ruhusa, hata kama ndege ndiye anayelengwa. Kumweleza kwanza mkuu wa mtaa, na kwenda wawili au watatu mchana kweupe, huondoa maswali mengi. Wavuvi na wasafiri wanaoingia kwenye picha nao wana haki ya kuulizwa.

Ndege naye aheshimiwe. Kabla ya kurudi kaskazini, wageni hawa wanakula kwa bidii ili kujaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Kila mara wanaporushwa na mtu anayesogea mno, wanatumia akiba hiyo. Mpiga picha anayekaa chini na kungoja huwa na bahati zaidi, kwa sababu ndege mara nyingi hurudi wenyewe.

Kuhusu kasuku, kanuni ni kali zaidi. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu uamuzi wa mwaka 2016, na mahali wanapolala au kutaga hapafai kutangazwa hadharani. iNaturalist huficha yenyewe mahali hasa pa aina nyingi zilizo hatarini. Kwa guignette aliye ukingoni mwa Lualaba hakuna siri ya aina hiyo. Kwake, mahali palipoandikwa vizuri ndipo penye faida.

Siku ya Kimataifa ya Ndege Wanaohama huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa 5 na Jumamosi ya pili ya mwezi wa 10. Ile ya mwezi wa 10 inaangukia wakati ambapo wageni kutoka kaskazini wameshaingia Afrika. Mwalimu wa biolojia wa Kasuku anayetaka somo lisilogharimu franga nyingi anaweza kuwapeleka wanafunzi kando ya mto asubuhi hiyo, na simu moja, daftari moja na sheria moja: kila picha iandikiwe tarehe na mahali kwanza, na nafasi ya jina ibaki wazi mpaka darasa zima limeangalia miguu, jicho na bawa.